Jikoni kwa Mwalimu wa Ushairi

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Ukimuuliza mtu wa umri wangu hapa Endasak hatakutajia tarakimu, atakuambia ni ule mwaka wa mahindi ya njano, na utaona anakunja pua. Yalishushwa Katesh kwa magunia, tukayafuata kwa miguu na punda. Unga wake ulinuka ghala, ugali wake haukushikana, na wazee walisema waziwazi kwamba huko yalikotoka hulishwa ng'ombe. Tulikula. Tulikula na majani ya maboga, na aliyebaki na ng'ombe wa maziwa aliyanywa ndani mlango umefungwa, asije akaombwa. Mimi sikuwa na wa kumficha wala wa kuniomba, kwa sababu mwaka huohuo watu walikuwa wameacha kuingia nyumbani kwangu.

Nisingeyaandika haya kama Paulina hangekuja juzi na bodaboda kutoka Katesh, mtu mzima na magoti yake, kuniambia kwamba Mwalimu amefariki kwao Tanga na wameshamzika. Alikaa hapo kwenye kiti cha mlangoni, akanywa chai, akalia kidogo, akaomba chai nyingine. Mjukuu wangu Neema alikuwepo. Neema anasoma chuo, anachukua Kiswahili, na wala si bahati, ana kichwa changu. Akauliza, "Bibi, mwalimu gani huyo?" Nikagundua sijawahi kumwambia mtu. Basi naandika. Habari za wazazi wangu nitaziacha. Walikuwa watu wa kulima kama wengine, na hawakuniomba niwaandike.

Kwetu sisi Wairaqw, enzi hizo, mwanamke akifiwa na mtoto mchanga, hasa wa kwanza, nyumba yake inakaa meta. Maana yake kifo kimeingia mle na kinaweza kufuata miguu ya watu, kwa hiyo watu wanaweka nafasi. Huingii nyumba ya mtu. Huli chungu kimoja na mtu. Humpi mtu mkono. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeacha njia, unasimama kwenye majani mpaka apite. Maji unachota chini, wanaponyweshwa ng'ombe. Unakaa hivyo mpaka mavuno, wazee waseme imetosha. Sasa fikiria mwaka ambao hakuna kitakachovunwa. Shamba langu lilikuwa limesimama mabua matupu, na mimi nangoja mavuno yanifungulie. Na watu wa leo wakisikia wanadhani nilichukiwa. Sikuchukiwa. Mama mkwe wangu aliniletea unga kila alipopata, akauweka juu ya jiwe la mpakani, akarudi nyuma, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo, "Umelala?" Nikamjibu, "Nimelala, mama. Na wewe?" Alikuwa analia yule, nilimwona. Lakini jiwe hakulivuka.

Mume wangu alivumilia, halafu akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya ngano Basotu, ambako mtu haulizwi nyumba yake ina nini. Nilimlaumu, nikachoka kumlaumu. Nilibaki na nyumba yenye sauti yangu peke yake. Nilikuwa nikiongea na sufuria. Nacheka nikiandika, lakini ni kweli, niliiambia sufuria shikamoo, kwa sababu ilikuwa ya mama mkwe na nilikuwa na hamu ya kumwamkia mtu kwa karibu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alikaa siku chache tu, hata wazee hawakuwahi kuja kumpa jina. Mimi nilikuwa nimeshampa. Nilimwita sikioni alfajiri aliyozaliwa, akageuza kichwa. Watu wengine wote walimjua kama "mtoto".

Mwalimu nilikutana naye kwenye maji. Sekondari ilikuwa changa, na yeye alikuwa ameletwa kufundisha Kiswahili, mwanamke wa pwani, mrefu, anayeburuta mguu mmoja, anavaa sweta mbili kwa baridi yetu. Hakujua watu wanachota wapi na ng'ombe wanakunywa wapi, akashuka na ndoo mpaka kwangu. Nikasimama kwenye majani. Nikamwamkia kwa mbali, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona wanikimbia, mwenzangu? Mie sili watu." Akanyoosha mkono.

Nikauangalia ule mkono. Nilikuwa sijashikwa na mtu tangu wanawake waninyang'anye mtoto wakamzike. Nikamwambia nimefiwa, niko meta, asiniguse. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono bado uko hewani, halafu akasema, "Basi mie nishafiwa na wengi, huenda hicho chako kikanikuta nimejaa." Akanishika. Kisha akauliza lile swali ambalo mtu yeyote wa nchi hii humuuliza mwanamke mwenye nyumba yake, "Nikuite mama nani?"

Nikainamia ndoo yangu. Mwanamke anaitwa kwa mtoto wake, na mimi niliyekuwa naye hakuna aliyemjua. Aliona amekosea. Akaniambia, "Basi nitakuita mdogo wangu," na ndivyo alivyoniita mwaka mzima.

Akanichukua nimpikie. Nyumba yake ilikuwa ya walimu, sakafu ya simenti, sebule moja yenye mkeka, meza na kalenda ya misheni, na jiko la kuni lililotenganishwa na sebule kwa ukuta usiofika juu. Kila kilichosemwa sebuleni kilimwagikia jikoni. Na kilichosemwa barabarani kilifika pia. Wiki ya kwanza tulisikia wanawake wawili wanapita na kuni.

"Huyu wa pwani anakula mkono wa mwenye meta."

"Mwache ale. Hana mtoto, hana ng'ombe. Kifo kikija kitachukua nini?"

Nikaacha kukoroga. Mwalimu alikuwa anasahihisha, akacheka kwa pua. "Wamenihurumia," alisema. "Kwetu wangeanza na mguu."

Jumamosi mchana walikuja wanafunzi wake wa kidato cha nne, wachache, wakae kwenye mkeka wafundishwe uchambuzi wa mashairi na tamthilia kwa ajili ya mtihani. Niliwapikia makande ya mahindi ya njano. Siku ya kwanza hakuna aliyegusa. Walikuwa watoto wa hapahapa, walinijua. Walishika sahani kama mtu aliyeshikishwa nyoka, na mimi nyuma ya ukuta nasikia vijiko vimenyamaza. Ndipo Paulina, msichana wa Mbulu mwenye shingo ndefu na mdomo mkubwa, akasema, "Leteni hapa. Nikifa mtanitungia shairi, mtafaulu wote." Wakacheka, wakala. Kile kicheko kilikuwa mgeni wangu wa kwanza mwaka ule.

Niliishia darasa la nne. Nilijua kusoma, lakini sikujua kwamba kuna kusoma kwingine baada ya kusoma. Mwalimu alikuwa na shairi la zamani la huko kwao, mjane anazunguka nyumba akitaja vitu vya marehemu kimoja kimoja, kikombe, mkeka, viatu, na kila ubeti unaishia kwa mstari uleule. Aliwauliza, "Kwa nini anarudia? Ameishiwa maneno?"

Mvulana mmoja akajibu haraka, "Kukazia ujumbe, mwalimu."

"Kila mwaka mwaniambia kukazia ujumbe. Ujumbe ni msumari?"

Paulina akasema polepole, "Labda ule wa kwanza anawaambia watu. Ule wa mwisho watu wameshaondoka, anajiambia mwenyewe."

Kuni zangu zilizimika na sikuzipuliza. Nilikuwa nimesimama na mwiko, namwona yule mjane, najua kabisa anavyotembea. Halafu Mwalimu akawapigisha makofi kuhesabu mizani, kila mstari umejaa sawasawa, mpaka kwenye ubeti wa mwisho mstari mmoja ukapungua. Wanafunzi wakasema mtunzi amekosea. Akawaambia, "Aliyeweza kujaza yote hii hakushindwa hapa. Sikilizeni hilo pengo. Hapo ndipo koo limekaba." Tangu siku hiyo nikajua pengo nalo linatungwa.

Akawafundisha fani na maudhui. Maudhui ni kile kinachosemwa, fani ni namna kinavyosemwa. Nilikwenda nayo nyumbani jioni, nikaitafuna. Mama mkwe akiniita "Umelala?" maudhui ni usingizi wangu tu. Fani ni lile jiwe, na yeye kusimama nyuma yake, na sauti kubwa kuliko umbali. Kumbe mambo yote aliyotaka kuniambia aliyaweka kwenye fani. Siku iliyofuata nilimjibu kwa sauti ya taratibu mpaka ikambidi asogee kidogo asikie. Kidogo tu. Aligusa jiwe kwa mkono.

Na ile kalenda. Ilikuwa na picha ya Mama Maria amempakata mwanawe aliyeshushwa msalabani, mwanamume mzima. Nilikuwa naifuta vumbi bila kuitazama usoni. Jumamosi moja Mwalimu aliibandua akawawekea wanafunzi katikati ya mkeka, yeye Mwislamu, akasema leo tunachambua picha. Mkiitazama, macho yenu yanaanzia wapi? Mwanga unatoka upande gani? Mbona mama ni mkubwa kuliko mwanawe? Walisema mchoraji hajui vipimo. Akasema, "Angalieni magoti. Ameyapanua makusudi. Angempa mapaja ya mwanamke wa kawaida, yule mwanamume angeanguka. Amemrudisha mapajani kama siku aliyozaliwa." Nilitoka nje kwa mlango wa jikoni nikakaa kwenye rundo la kuni. Mimi wangu hawakuniacha nimpakate. Walisema nikimpakata mikono itamzoea.

Mwalimu akanifuata baada ya wanafunzi kuondoka, akakaa kwenye kuni pamoja nami na sweta zake mbili. Hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe. Nilimwambia yote, alivyolia, alivyonyamaza, alivyofungwa kwenye ngozi, jiwe, maji ya chini. Nilimwambia pia kwamba nilimpa jina. Sikulitaja. Alilia yeye, mimi sikulia. Niliona vizuri kwamba kuna mtu duniani anajua, na usiku huo nililala kama aliyetua mzigo wa kuni.

Sikujua anakwenda kuandika.

Ilikuwa imefika miezi ya baridi. Shule zote za wilaya zilikuwa zipeleke mchezo wa kuigiza Katesh, na Mwalimu alikuwa anatunga wake. Mwanamke kijana amefiwa na mtoto, kijiji kimemtenga, anachota maji na ng'ombe. Niliusikia kwa mara ya kwanza kupitia ule ukuta, nikiwa naosha maharage. Mwanzoni nilidhani yuko mwingine kama mimi. Nilimwonea huruma yule mwingine. Ndipo wakafika kwenye jiwe la unga, na mwigizaji akasema, "Umelala?"

Baada ya mazoezi aliwauliza, kama alivyozoea, wataje sifa za mhusika mkuu. Wakataja. Mvumilivu. Mtiifu. Mmoja akasema, "Mjinga, mwalimu, amefungwa na mila potofu." Wengine wakaandika. Dhamira? Ukombozi wa mwanamke. Ujumbe? Jamii iache mila zilizopitwa na wakati. Nilikuwa nasikia kalamu zao. Mtu akikutukana barabarani unamrudishia. Mtu akikuandika kwenye majibu ya mtihani unamrudishia nini? Nilibandika maharage yao na nikayatia chumvi ya kutosha, kwa sababu mimi si mtu wa kuharibu chakula mwaka wa njaa.

Paulina ndiye aliyekuwa mimi. Alikuwa hodari, mtu anapaswa kusema kweli. Lakini mwisho wa mchezo ulimshinda. Mwanamke anasimama peke yake kwenye shamba la mabua, anamwita mtoto. Paulina alikuwa anaita, "Mwanangu! Mwanangu!" na kila alipoita wenzake walicheka. Hata mimi jikoni nilisikia kwamba ni uongo. Hakuna mama anayemwita mtoto wake hivyo. Anamwita kwa jina.

Kesho yake Mwalimu akaja jikoni, akasimama pale mlangoni ambapo hakuwa na kawaida ya kusimama, huwa anaingia tu. "Mdogo wangu," akasema, "nina jambo nakuomba, na waweza kunikatalia." Nikaendelea kumenya boga. "Ule mwisho wahitaji jina. Nimejaribu majina mengi, yote yaanguka. Nataka lile lenyewe."

Nikamuuliza, "Mimi ni mjinga, mwalimu?"

Akashtuka. Akasema wale ni watoto, wanasema walichofundishwa kusema. Nikamuuliza wamefundishwa na nani. Akavuta kigoda akakaa, mguu wake ameunyoosha. Halafu akasema lile lililonifanya nisilale siku nyingi. "Fikiri. Watu wote wa wilaya watakuwa wamekaa pale. Hakuna hata mmoja aliyepata kumsikia mwanao akiitwa. Paulina ataita, na watasikia. Atakuwa alikuwepo."

Alijua pa kupiga. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka kuliko mavuno. Nilikuwa nalisema lile jina peke yangu, kwenye moshi, nikiogopa kwamba nikinyamaza siku moja litasahaulika duniani kote, maana duniani kote lilikuwa kwangu tu. Na hapa kuna mtu ananiambia litaitwa kwa sauti, Katesh, mbele ya mkuu wa wilaya. Pia nilijua jambo la pili, ambalo hakulisema na asingelisema kamwe: nyumba yake ndiyo pekee niliyokuwa naingia. Nikimkatalia na akachukia, ninarudi kwa sufuria.

Lakini nilizisikia zile kalamu. Niliona litaandikwa ubaoni. Jina la mhusika: fulani. Nafasi yake: kuonyesha madhara ya mila. Watoto watalikariri, watapata alama. Nikaweka kisu chini.

"Jina lake silitoi. Hilo ni langu."

Alinitazama. Akasema, "Basi," akainuka kwa kushika ukuta, akaenda sebuleni.

Hakunifukuza. Ila ule urahisi uliisha. Alianza kusema "tafadhali" na "asante sana", na mtu akianza kukushukuru kwa chumvi ujue ameshasogea mbali. Jumamosi nilipika na kutoka, nikakaa kwenye kuni. Nilikuwa mpweke zaidi kuliko kabla hajanishika mkono, kwa sababu sasa nilijua kupo kwingine.

Katesh nilikwenda. Nilitembea nyuma ya wanafunzi, upande wa majani, na wakati wa mchezo nilisimama nje ya watu, nyuma kabisa, mlima uko mgongoni kwangu. Ulipofika mwisho Paulina alisimama peke yake. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Alibaki vile, mdomo wazi, shingo ile ndefu imekaza, na nikaona kifua chake kinavuta kuita na hakiiti. Hakuna aliyecheka. Watu walinyamaza mpaka ukasikia ng'ombe wa Wabarabaig kule mnadani. Mwanamke mmoja mbele yangu, mtu mzima wa kwetu, akajifunika uso kwa kanga. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa, anatazama watu, ananitafuta mimi. Sikuinua mkono. Lakini sikuondoka mpaka aliponiona.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa za kweli. Tukavuna mahindi meupe, wazee wakachinja kondoo, wakasema imetosha, na mama mkwe akapita lile jiwe akaja kunishika uso kwa mikono yote miwili. Mume wangu akarudi. Mwalimu alihamishwa kabla ya mavuno hayo. Aliniachia sweta moja. Baadaye nilimzaa Danieli na wadogo zake watano, na tangu hapo hakuna aliyekosa la kuniita.

Haya yote nilimsimulia Neema, Paulina akiwa amekaa palepale na kikombe chake cha pili. Paulina naye alikuwa mwalimu, amestaafu. Akaniambia ule mchezo ulifundishwa kwa miaka, kwamba kila darasa lilikuwa linachambua ule mwisho, mbinu ya ukimya, na wanafunzi wanajaza kurasa kwa nini mama hakuita. Nikamwambia hakuita kwa sababu nilikataa. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaacha kucheka na akashika goti langu.

"Mama Danieli," alisema, "sikuja kwa habari ya msiba peke yake. Sisi wanafunzi wake tuliobaki tunataka kuuigiza tena, hapahapa, tumkumbuke. Nilikwenda kumwona Tanga kabla hajazidiwa. Aliniambia, nenda kwa mdogo wangu, mwombe tena. Mwambie nilikosea kuwaacha watoto waseme mjinga. Mwambie safari hii siombi kwa ajili ya mchezo, nataka tu aitwe." Akangoja. "Siku hizi hakuna anayekaa meta. Baba wa mtoto ameshakufa, Mwalimu ameshakufa. Ukienda na wewe, nani atabaki akimjua?"

Neema alikuwa ameshika simu yake, kidole kiko tayari kurekodi. Aliniangalia, akaiweka chini kifudifudi mezani. Mtoto ana adabu.

Nilimfikiria Mwalimu kitandani kwao, kwenye joto lake, ananikumbuka kwa lile neno mdogo wangu. Nilimpenda. Nilitaka kumpa kitu. Nikalifungua jina mdomoni nikalikuta liko vilevile, halijazeeka, halijaguswa na kalamu ya mtu, lina joto la sikio nililoliambia. Paulina akainamisha kichwa chake cheupe karibu, kama nitamnong'oneza.

"Jina lake silitoi. Hilo ni langu."